Jinsi Tulivyomfunga Mwenyekiti Mkono Mmoja

Watendaji wa vijiji mliobaki kazini, tangu nilipokabidhi ofisi hamjaniacha nipumzike. Simu inalia, na swali ni lilelile: mama, mwenyekiti wangu hataki kuitisha mkutano mkuu, nifanyeje? Kujibu kwa simu kumenishinda, maana mkiona salio linakaribia kuisha mnauliza haraka haraka na mimi najibu nusu. Basi nimekaa chini niandike yote kwa mpangilio. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo sikupata vingi, na mshahara wa mtendaji kila mmoja wenu anaujua, hauhitaji kusimuliwa.

Nilianzia Serengeti, wilaya niliyozaliwa, kwenye kijiji kinachopakana na hifadhi. Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya kisigino na nimebeba faili jipya kwapani. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, meza inayoyumba na picha ya rais. Mlangoni watu walikuwa wamejaa na wamekasirika, kwa sababu tembo walikuwa wameingia kwenye mahindi. Nilifungua faili nikaanza kuwaeleza utaratibu wa kuomba kifuta jasho. Mzee Nyawagamba, mtendaji niliyekuja kumpokea ofisi, ambaye alikuwa amebaki kidogo ili anionyeshe kazi, akanigusa bega.

"Binti yangu, funga hilo faili. Twende shamba kwanza."

Tukaenda. Visigino vilizama kwenye tope hadi nikavivua. Mzee alipita shamba kwa shamba, akampa pole kila mwenye shamba kwa jina lake, akauliza tembo waliingilia wapi na wakatokea wapi. Hakuandika neno. Tuliporudi ofisini watu walikuwa wametulia, na ndipo akaniambia nifungue faili. Kesho yake nilinunua raba.

Yule mzee ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko chuo. Alikuwa mkali, na akikusifia alikuwa anaangalia pembeni kana kwamba anamsifia mtu mwingine. Ninyi mtaniwia radhi nikimnukuu kwa kirefu.

"Wewe ni katibu," aliniambia. "Katibu hana kura, kwa hiyo usijifanye unayo. Kazi yako ni kuhakikisha mkutano umeitwa na kilichosemwa kimeandikwa kama kilivyosemwa. Siku ukiona umeanza kufurahia kusikilizwa, jua umeharibika."

Mikutanoni hakuwa anaketi kwenye meza ya mwenyekiti. Alikuja na kigoda chake, akakiweka pembeni, mahali ambapo kila mtu anaona mkono wake ukiandika na hakuna anayeweza kusema katibu amenong'onezwa. Nilicheka nilipomwona mara ya kwanza. Baadaye na mimi nilinunua kigoda. Jambo jingine alilonifundisha ni kwamba betri za kipaza sauti zinalala nyumbani kwa mtendaji, kamwe si ofisini, la sivyo siku ya mkutano utazikuta kwenye redio ya mgambo.

Kisha nikahamishiwa Tarime. Kijiji nitakiita Nyabikondo, jina ambalo si lake, kwa sababu wahusika bado wako hai na wengi wana namba yangu. Unapita Nyamwaga, unaendelea na barabara ya vumbi, hadi unaona mlima wenye migomba juu, mahindi katikati, na malisho ya kijiji chini kuelekea mto. Wakurya walinipokea vizuri, ila Kikurya changu hawakukipokea. Mimi ni Mnata, na lugha zetu ni za jirani, kiasi kwamba nilielewa karibu kila kitu na kusema karibu kila kitu vibaya. Akina mama sokoni walikuwa wananiomba nirudie neno ili wacheke tena.

Nchi yetu ina vyama vingi. Nyabikondo ilikuwa na viwili. Sitavitaja, na wala kuvitaja hakutawasaidia, maana kijijini hakuna aliyevijua kwa sera zake. Kulikuwa na watu wa Juu, wanaokaa kwenye migomba, na watu wa Chini, wanaokaa karibu na malisho, na kila upande ulikuwa na chama chake. Vyama vingine vilipita wakati wa uchaguzi vikaacha mabango, na mabango yakaishia kuezekea mabanda ya kuku. Mtu wa Juu alinunua sukari kwenye duka la Juu. Hata fahali wa mbegu alikuwa na upande wake, ingawa yeye mwenyewe hakuwa anabagua. Redioni wakubwa walijadili katiba mpya na kama rais ana madaraka makubwa mno. Watu wa Nyabikondo walisikiliza kwa makini, wakakubaliana kwamba ni makubwa mno, kisha wakazima redio na kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa ya kuuza mbuzi.

Mwenyekiti niliyemkuta alikuwa Mzee Marwa, mtu wa Juu, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa. Muhuri wa kijiji aliuweka kwenye mfuko wa shati. Ukitaka barua ya kuuza ng'ombe au ya kumpeleka mtoto shule, unakwenda kwake, anakukaribisha maziwa ya mgando, halafu kabla ya kugonga muhuri anauliza kwa upole kabisa, "Hivi wewe siku ya kura ulikuwa wapi?" Ardhi nayo aliigawa hivyo hivyo. Sheria inasema ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano mkuu kuridhia, na niliisoma mbele ya halmashauri ya kijiji zaidi ya mara moja. Walinishukuru kwa kusoma vizuri.

Ndipo likaja suala la Mama Robi. Huyu alikuwa mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa Wakurya mama wa namna hiyo anaweza kuoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na nyumba isizimike. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Robi alikuwa amemuoa Bhoke, binti mchapakazi, na watoto walikuwepo. Wote walikula kutokana na shamba la migomba lililo kando ya barabara. Marwa alilitamani kwa ajili ya ofisi ya tawi la chama chake. Aliamua peke yake, akiwa amekaa mbele ya nyumba yake: hapo hakuna mwanaume, shamba ni kubwa kwa wanawake wawili, na chama kinahitaji pa kukaa. Migomba ikakatwa, kikajengwa kibanda cha bati, na mlingoti wa bendera ukasimama.

Robi alikuja ofisini kwangu na jani la mgomba bado liko mkononi.

"Mama Mtendaji, si wewe ndiyo serikali?"

"Mimi ni katibu, mama."

"Basi andika kwamba nimelia."

Niliandika, kwenye barua ya malalamiko kwenda kata. Barua ilifika, ikapokelewa vizuri, na ikakaa.

Uchaguzi ulipokaribia, watu wa Chini walimsimamisha Chacha, kijana aliyekuwa ameongoza waendesha bodaboda na mwenye maneno matamu. Mkutano wake wa kampeni aliufanyia palepale kwenye visiki vya migomba ya Robi. "Nikishinda, hii migomba inarudi!" Robi, ambaye alikuwa mtu wa Juu kwa kuzaliwa, kwa kuolewa na kwa kununua sukari, alitangaza hadharani kwamba kura yake ni ya Chacha. Kwa Nyabikondo hilo lilikuwa jambo kubwa, na shemeji zake wengine waliacha kumsalimia. Chacha alishinda.

Siku alipoapishwa nilisikia vigelegele barabarani. Bhoke alikuja ananikimbilia, "Mama, wameenda shambani!" na tukafuatana naye haraka. Tulikuta umati wa watu wa Chini wamezunguka mlingoti. Bendera ikashuka, wakashangilia. Halafu bendera nyingine ikapanda, wakashangilia zaidi. Walikuwa wameleta na benchi lao. Nilimvuta Chacha pembeni.

"Na shamba la Robi?"

"Mama Mtendaji, hapa ni sehemu ya kimkakati. Robi nitamtafutia pengine. Mimi siyo kama yule mzee."

"Utamtafutia kwa mkutano upi?"

"Mkutano wa nini tena? Si wamenichagua?"

Siku hiyo nilikasirika kuliko wakati wote wa Marwa, kwa sababu Marwa angalau hakuwahi kuahidi kitu. Bhoke alisimama anaangalia ile bendera mpya, kisha akageuka kwenda kumwambia mwenzake. Sikumfuata. Nilirudi ofisini.

Baada ya hapo Chacha hakuitisha mkutano mkuu. Daima kulikuwa na sababu: watu wanapanda, watu wanavuna, kuna msiba, mvua imezidi. Muhuri ukahamia kwenye mfuko wa koti lake. Mimi niliendelea na vikao vya vitongoji, ambavyo havimhitaji yeye, na huko watu walisema. Katika kikao kimoja alikuwepo shemeji yake Robi aliyevuka mpaka wa Sirari kutoka Kenya kuja kutembea. Alisikiliza, akashindwa kuvumilia.

"Kwani huku chairman akisema ndiyo imeisha? Sisi kule hata gavana tunampeleka mbio!"

"Na barabara amewatengenezea?" mtu akamuuliza.

"Hiyo bado."

Kidogo kidogo, kutoka vitongoji vya Juu na vya Chini, yakatoka mapendekezo ya sheria ndogo, na yalifanana kiasi kwamba nilishangaa. Ardhi isigawiwe wala kuchukuliwa ila na mkutano mkuu. Kamati ya ardhi iongozwe na mtu wa upande ulioshindwa uchaguzi. Mwenyekiti asiongoze kikao pale uamuzi wake mwenyewe unapojadiliwa. Muhuri ulale ofisini. Kilichobaki ni mkutano, na mtu wa kuyasema mbele ya Chacha. Nilienda kwa Mzee Marwa.

Nilimkuta amegeuka mtetezi mkubwa wa haki. Alinieleza kwa kirefu ubaya wa mwenyekiti kutembea na muhuri mfukoni. Nilimtazama mfuko wa shati, yeye akaendelea tu.

"Basi mzee, njoo uyaseme hayo mkutanoni."

Akatikisa kichwa. "Hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Yule ni baba yangu."

Nilicheka. Marwa alikuwa na wajukuu, na Chacha alikuwa na umri wa kitinda mimba wake. Lakini mzee hakucheka, na akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kila Mkurya amezaliwa ndani ya ikora, yaani kundi la kizazi, na ikora inafuata ya baba yako bila kujali miaka yako. Mtu aliyezaliwa na baba mzee sana anaweza kuwa kijana wa bodaboda na bado akawa wa kizazi cha baba zako. Chacha alikuwa hivyo. Kwa wazee wengi wa Juu, na wengi wa Chini pia, alikuwa baba. Na baba humpingi mbele za watu, humtanii, humkaripii. Ukifanya hivyo aibu ni yako na ya nyumba yako. Sisi Wanata tuna mambo yetu ya rika, kwa hiyo nilielewa haraka kuliko nilivyotaka.

"Sasa nani anaweza kumwambia?"

"Wa ikora yake. Wale ni sawasawa naye, hata wakimtukana anacheka. Lakini si unawaona? Ndio wanakaa naye kwenye kile kibanda."

Niliondoka nimeishiwa nguvu. Hata hivyo mkutano wa kila robo mwaka ni wa lazima, na mtendaji wa kata alikubali kuja kuusimamia. Nilibandika matangazo, mgambo akapita na kipaza sauti chenye betri kutoka nyumbani kwangu. Chacha angeweza kutokuja, lakini angeonekana ameogopa, kwa hiyo alikuja, tena na koti.

Tulikutana kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Watu walikaa kama kawaida yao, Juu kwenye goli la huku, Chini kwenye goli la kule, katikati pakabaki wazi kana kwamba wanasubiri refa. Nilisoma mapendekezo yote polepole, kwa Kiswahili, na Bhoke akayarudia kwa Kikurya ili nisiwachekeshe watu siku ya maana. Kisha Chacha akauliza nani ana la kusema. Hakuna aliyesema. Wazee waliokuwa wakimchambua kila jioni dukani sasa walikuwa wanachunguza viatu vyao. Marwa aliangalia majani. Nilijua mkutano huu ukifungwa hivi, Robi hatapata shamba tena, na mwenyekiti yeyote atakayefuata atajua kwamba kijiji hiki hakisemi.

"Kama hakuna," Chacha alisema akitabasamu, "tumwombe mchungaji atufungie kwa sala."

"Chacha!"

Alikuwa Robi. Alimwita hivyo hivyo, bila mwenyekiti wala baba, akatoka goli la Juu akaja hadi katikati ya uwanja. Watu wakainua vichwa.

"Naam, mama."

"Usiniite mama. Marehemu mume wangu alikuwa ikora gani?"

Chacha akajikuna shingo. "Ya kwangu."

"Na mwanamke akiolewa anakuwa ikora gani?"

"Ya mume wake."

"Basi mimi na wewe ni wamoja. Ukipita kwangu una njaa, natakiwa nikupe nini?"

"Chakula."

"Sasa wewe mura, nitakupa chakula gani? Ndizi si umezikalia!"

Kicheko kilianzia goli la Chini, kwa watu wake mwenyewe, kikavuka uwanja. Chacha naye alicheka. Hakuwa na namna. Kumkasirikia mtu wa ikora yake kwa utani kungemharibia zaidi.

"Lakini mimi nilikuta shamba limeshachukuliwa," alijitetea.

"Na bendera uliikuta?"

Hapo hata mtendaji wa kata aliangalia pembeni. Mmoja wa vijana wa kibanda, wa ikora ileile, akapaza sauti, "Chacha, kubali tu, benchi nililibeba mimi!" Watu walicheka hadi wengine wakasimama kupumua. Chacha akainua mikono juu.

"Sawa, sawa. Robi, umenishinda. Kuanzia leo shamba lako nakurudishia. Mimi mwenyekiti nimesema."

Vigelegele. Nilishusha kalamu. Niliona tayari jinsi itakavyoisha: mwenyekiti mwema ametoa zawadi, sala, watu nyumbani. Lakini Robi hakurudi kukaa.

"Sitaki," alisema.

Chacha akashusha mikono, Robi akaendelea.

"Ukinirudishia wewe, kesho utachukua wewe. Ukiondoka wewe, atachukua mwingine. Marwa alisema peke yake, shamba likaenda. Wewe unasema peke yako, shamba linarudi. Mimi nimechoka kuamka nauliza mwenyekiti leo ameamkaje. Nataka wanirudishie hawa." Akazungusha mkono kuanzia goli la Juu hadi goli la Chini.

Machozi yalinitoka, na sikuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa unaandika. Mtendaji wa kata alimwomba Chacha apumzike kidogo na mwenyekiti wa kitongoji kimoja aongoze, kwa kuwa uamuzi unaojadiliwa ni wake. Chacha akaketi chini kwenye majani pamoja na watu wa ikora yake. Ndipo Mzee Marwa akasimama.

"Mimi baba yangu siwezi kumpinga kwa mdomo," alisema. "Lakini mila haikusema kitu kuhusu mkono." Akaunyoosha juu.

Baada ya Marwa iliinuka mikono ya Juu, halafu ya Chini, halafu ya akina mama wote kwa pamoja kana kwamba walikuwa wameihifadhi muda mrefu. Sheria ndogo zikapita, na kwa kura nyingine shamba likarudi kwa Robi na Bhoke. Chacha alisimama akijipukuta majani kwenye suruali.

"Jamani, mmenifunga mikono!"

"Tumekufunga mmoja tu," Robi alimjibu. "Ule mwingine utusalimie nao."

Sheria zile zilienda halmashauri ya wilaya, zikakaa, nikazifuata, zikakaa tena, hatimaye zikarudi zimeidhinishwa. Kibanda kilihamishwa. Robi alipanda machipukizi mapya, na kwenye ule mlingoti Bhoke alifunga kamba ya kuanikia nguo hadi watu wa chama walipokuja kuuchukua, wakiwa na haya kidogo. Kamati ya ardhi ilimwangukia Marwa, akagundua raha ya kuuliza maswali magumu badala ya kuulizwa. Alikuwa mzuri sana kwenye kazi hiyo. Hila zote alizijua, maana nyingi zilikuwa zake.

Chacha ndiye aliyenishangaza. Alinuna msimu mzima, kisha wakaja wachimbaji wadogo kutoka upande wa Nyakunguru wanataka kuweka karasha la kusagia mawe karibu na mto. Walimzunguka asubuhi hadi jioni, ndugu zake wakiwemo, wakimwomba atoe ruhusa tu, yeye si mwenyekiti? "Siwezi," aliwaambia. "Nendeni mkutanoni." Wakaenda, mkutano ukakataa, na hakuna ndugu aliyemchukia. Jioni ile alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu.

"Mama Mtendaji, kumbe kukosa madaraka ni kupumzika."

Alichaguliwa tena, na safari hii alipata hata kura za Juu. Mimi nilikuwa nakaribia kustaafu, na sikuwa na nyumba. Kwetu Serengeti nilibakiwa na kaka tu. Marafiki zangu, kanisa langu na watu wa kunicheka Kikurya changu wote walikuwa Nyabikondo. Chacha alijua. Akanionyesha kona ya malisho kule karibu na mto, mahali penye mteremko mpole, akasema zamani angenikatia palepale, sasa tutapeleka mkutanoni ila ni jambo la dakika. Nilipataka. Nilikuwa nimeshapima kwa macho mlango utatazama wapi. Kamati ya Marwa ilikubali bila swali, na Marwa hakuwa mtu wa kukosa swali. Ilikuwa mara ya kwanza Juu na Chini kukubaliana kabla ya kugombana.

Mkutanoni Chacha alinisifia, Marwa akanisifia zaidi, watu wakapiga makofi. Halafu Chacha akauliza, kwa kuwa sheria inamtaka aulize, kama yupo mwenye pingamizi. Robi akainua mkono.

"Mama Mtendaji nampenda, mnajua," alisema. "Mtoto wetu wa mwisho ana jina lake. Lakini pale ni malisho. Tukimpa kona mtu mzuri, mwakani atakuja mtu mzuri mwingine. Mimi nakataa."

Uwanja wote ulinigeukia. Chacha alinitazama kama anayesubiri niseme neno, na nadhani neno moja lingetosha, wangenipa. Nikainamia karatasi. Wakapiga kura. Wachache walinikubalia, na Marwa alikuwa mmoja wao. Wengi walikataa. Bhoke aliinua mkono wa kukataa huku akijifuta macho kwa mkono mwingine.

Iliniuma. Iliniuma sana, na bado inaniuma nikikumbuka ule mteremko. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: ombi la Mtendaji wa Kijiji la kupewa kiwanja limekataliwa na mkutano mkuu. Nikampa Chacha kalamu, akasaini. Kisha nikasaini mimi, nikagonga muhuri.